Nyumba za safu za matofali mekundu za enzi ya Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayehamia Leicester, Leeds au Birmingham na kupanga chumba ana nafasi kubwa ya kulala ndani ya kuta zilizosimama kabla reli ya Mombasa haijafika Nairobi. Takriban moja ya tano ya makazi yote ya England yalijengwa kabla ya 1919, na sehemu kubwa ya hayo ni nyumba za safu. Ukurasa huu ni wa wanaokaa humo, wanaotaka kununua, na wanaopita tu mtaani wakashangaa mbona nyumba zote zinafanana. Kwa kweli hazifanani, ila inabidi kutazama kwa makini.

Nyumba ya safu ni ipi hasa?

Ni nyumba inayoshirikiana kuta za ubavuni na majirani wa pande zote mbili, paa likiwa limenyooka tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, lakini nyingi ya zile za matofali mekundu zilizobaki leo ni za miaka ya 1870 kuja mbele. Ya kawaida kabisa ina upana wa mita 4 hadi 5, vyumba viwili chini, viwili juu, na ua mdogo nyuma. Mlango wa mbele unafungukia barabarani moja kwa moja.

Ya mwenye uwezo kidogo zaidi ina ujia wa kuingilia, dirisha la mbele lililochomoza nje, kibustani chenye ukuta mfupi, na mkia wa vyumba kwa nyuma unaobeba jiko chini na chumba cha tatu cha kulala juu. Tofauti hizo ndogo zilikuwa jambo kubwa. Karani alilipa pango zaidi ili mlango wake usifungukie barabarani, na mtaa mzima ulielewa kwa nini.

Kwa nini zilibanana hivyo?

Kwa sababu ya watu na pesa. Mwaka 1801 England na Wales zilikuwa na watu wapatao milioni 9; mwaka 1901 walikuwa zaidi ya milioni 32. Sensa ya 1851 ndiyo ya kwanza kuonyesha wakazi wa mijini wamewazidi wa mashambani. Watu hao walifuata viwanda vya pamba, sufu, vyuma, viatu na soksi, na kabla ya tramu na treni za nauli nafuu mfanyakazi alilazimika kukaa mahali anapoweza kufika kazini kwa miguu kabla king'ora hakijalia.

Kwa mjenzi, ukuta mmoja kutumiwa na nyumba mbili ni ukuta mmoja aliookoa. Gharama ya barabara na bomba la majitaka nayo ilihesabika kwa urefu wa uso wa kiwanja, hivyo kila nyumba ikiwa nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, faida inaongezeka. Ndiyo maana ukisimama kwenye ujia wa nyumba hizi unahisi umeingia kwenye bomba. Kuna nafuu moja ambayo haikupangwa: nyumba ya katikati inapata joto la majirani wa pande mbili, na wapangaji wa leo wanaolipa bili za gesi wanaijua thamani yake.

Je, watu wa enzi ya Victoria ndio walioanza kujenga kwa safu?

Hapana. London ilikuwa na safu tangu karne ya 17. Baada ya moto mkubwa wa 1666, Nicholas Barbon alijipatia utajiri kwa kujenga na kuuza nyumba za namna hiyo. Karne ya 18 ikaleta safu za kifahari za mji wa Bath na mtaa wa Bloomsbury, London, makazi ya watu wazito. Kilichobadilika baadaye ni kwamba umbo la tajiri lilipunguzwa kipimo likapewa mfanyakazi.

Kwa nini matofali, na kwa nini mekundu?

Kwanza, udongo ulikuwepo. Sehemu kubwa ya katikati na kaskazini ya England imekalia udongo mzuri wa kufyatulia, na mara nyingine tofali lilichomwa hatua chache kutoka mahali lilipojengwa. Pili, kodi ziliondoka. Serikali ilitoza kodi ya matofali tangu 1784 hadi 1850. Ushuru wa vioo uliondolewa 1845, na kodi ya madirisha, iliyowafanya watu wazibe madirisha yao kwa matofali, ikafutwa 1851. Ndani ya miaka sita tu, ukuta na dirisha vyote vikawa nafuu.

Tatu ni mashine na moto. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuri lenye vyumba vilivyopangwa kwa mzunguko: moto unahama kutoka chumba hadi chumba bila kuzimwa, hewa inayopoza matofali yaliyoiva inapata joto na kulipeleka kwenye mabichi yanayosubiri zamu. Makaa ya mawe yakapungua, matofali yakaongezeka. Wakati huohuo mashine za kukandamiza udongo zikaanza kutoa tofali lenye kingo kali na uso laini ambao mkono wa mfyatuaji haukuweza kuufikia.

Wekundu wenyewe ni chuma kilichomo kwenye udongo, kinachogeuka rangi tanurini penye hewa ya kutosha. Udongo wenye chokaa nyingi hutoa njano, na ndiyo sababu mitaa mingi ya zamani ya London si myekundu bali ina rangi ya haradali iliyoingia masizi. Udongo wa Staffordshire ukichomwa kwa moto mkali na kunyimwa hewa, chuma kilekile hutoa buluu iliyokolea, tofali gumu lisilonyonya maji lililotumika kwenye madaraja, misingi na kingo za njia. Accrington, kaskazini, ilitoa jekundu gumu ajabu. Ruabon, Wales, ilitoa jekundu la kung'aa na mapambo ya udongo wa kuchoma yaliyosafirishwa kwa reli hadi miji ya mbali.

Halafu kuna mitindo, ambayo wahandisi husahau kuitaja. Watu wa heshima wa mwanzoni mwa karne ya 19 waliuona ukuta mwekundu kuwa wa kishamba, wakaupaka lipu uonekane jiwe. Miaka ya 1870 wasanifu kama Richard Norman Shaw waliurudisha wekundu kwa fahari, na mtaa wa Bedford Park, magharibi mwa London, ulioanza 1875, ukawa wa kuigwa. Wajenzi wa nyumba za bei nafuu wakafuata, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake.

Mfuko huo unaonekana ukizunguka nyuma. Mbele utakuta tofali la mashine, sawasawa, lililochaguliwa. Ubavuni na uani utakuta tofali la kawaida, limepinda, limeungua, rangi zimechanganyika. Mjenzi alitumia pesa pale mpita njia alipoweza kuona.

Nani alizijenga?

Mara chache sana alikuwa msanifu majengo. Wengi walikuwa wajenzi wadogo, seremala au mwashi aliyekopa pesa, akakodi kipande cha ardhi (mara nyingi kwa miaka 99), akajenga nyumba chache, akauza au kupangisha, akaanza nyingine. Michoro ilitoka kwenye vitabu vya mifano, na milango, vigae vya sakafu, vichwa vya nguzo na mapambo ya majani viliagizwa kwa katalogi. Ukitembea katika mtaa mmoja mrefu utaona pale pambo la juu ya mlango linapobadilika ghafla: hapo mjenzi mmoja alimaliza, au alifilisika, na mwingine akaanza. Hapo ndipo ile "zote zinafanana" inapovunjika.

Kulikuwa pia na kampuni zilizojenga mitaa mizima kwa ajili ya wafanyakazi. Shaftesbury Park huko Battersea, ya miaka ya 1870, na Noel Park huko Wood Green, iliyoanza miaka ya 1880, ni mifano inayosimama hadi leo. Noel Park ilitegemea treni: sheria ya 1883 ilizilazimu kampuni za reli kutoa treni za alfajiri za nauli nafuu, na ghafla fundi wa mjini akaweza kulala maili kadhaa kutoka kazini.

Waliokaa humo walikuwa wapangaji. Kabla ya 1914 karibu kaya tisa kati ya kumi zilipanga, na mwenye nyumba mara nyingi hakuwa bwana mkubwa bali mwenye duka au mjane mwenye nyumba tatu nne zinazomlisha uzeeni.

Majina ya mitaa yana maana gani?

Yanasaidia kukisia umri. Alma, Inkerman na Sebastopol ni majina ya vita vya Crimea, kwa hiyo mtaa haukuitwa hivyo kabla ya 1854. Ladysmith na Mafeking ni vita vya Makaburu, yaani 1900 na baada yake. Gladstone na Beaconsfield ni mawaziri wakuu. Na ukiona Ethel, Florence na Maud zimepangana, mjenzi alikuwa na mabinti. Pia inua macho kati ya madirisha ya ghorofani: safu nyingi zina kibao cha jiwe chenye jina na mwaka.

Kwa nini barabara zimenyooka na kuwa na upana mmoja?

Jibu ni kipindupindu. Ugonjwa huo ulipiga 1832, 1848–49 na 1854, na miji ilikuwa na nyua zilizojaa vinyesi na visima vilivyo karibu na vyoo. Ripoti ya Edwin Chadwick ya 1842 iliweka aibu hiyo kwenye maandishi. Kukaja sheria ya afya ya umma ya 1848, iliyokuwa na meno machache, na baada ya uvundo mkubwa wa Mto Thames mwaka 1858, mhandisi Joseph Bazalgette akaanza kuijengea London mfumo wa majitaka uliomeza matofali milioni 318.

Sheria yenye meno ni ya 1875. Ilizipa halmashauri uwezo wa kuweka kanuni za ujenzi, na kanuni za mfano zilizotolewa na serikali mwaka 1877 zilitaka barabara mpya iwe na upana wa futi 36, kama mita 11, na kila nyumba iwe na nafasi wazi kwa nyuma, choo chake na njia ya maji. Njia nyembamba zinazopita nyuma ya nyua zilitumika kutolea vinyesi na kuingizia makaa ya mawe bila kupita sebuleni.

Wapo wanaoidharau mitaa hii kwa sababu imenyooka na inachosha macho. Binafsi naona ndiyo sehemu ya urithi huu inayostahili heshima kuliko mapambo yoyote. Ule unyoofu ni hewa na jua, vilivyolazimishwa kisheria kwa watu ambao kabla ya hapo hakuna aliyewapimia.

Nyumba za "mgongo kwa mgongo" ni zipi?

Ni zile zilizotangulia kanuni hizo, na kanuni zilikusudia kuziua. Nyumba mbili zinashirikiana ukuta wa nyuma pia, kwa hiyo kila moja ina uso mmoja tu wa madirisha na haina hewa inayopita. Birmingham, Leeds, Nottingham na Liverpool zilikuwa na maelfu. Choo na bomba la maji vilikuwa uani, vikitumiwa na kaya nyingi. Sheria ya 1909 ilizipiga marufuku nchi nzima, ila Leeds, kwa mianya ya kisheria, iliendelea kuzijenga hadi 1937. Leeds bado ina maelfu yake, zilizoboreshwa, na watu wanazipanga na kuzipenda. Birmingham ilibomoa karibu zote. Kiwanja kimoja, Court 15, kilichopo kona ya Hurst Street na Inge Street, kiliokolewa na sasa ni makumbusho chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, tangu 2004.

Maisha ya ndani yalikuwaje?

Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni. Familia ya watu wanane ingeweza kubanana katika chumba cha nyuma huku cha mbele kikifungwa wiki nzima, kikiwa na viti vizuri, saa ya ukutani na pazia la kamba, kikisubiri mchungaji, mchumba au maiti. Msomaji aliyelelewa kwenye nyumba yenye sebule isiyoguswa na watoto hahitaji kuelezwa zaidi.

Maisha yenyewe yalikuwa chumba cha nyuma, penye jiko la chuma la makaa lililojengwa ukutani: linapika, linachemsha maji, linakausha nguo. Nyuma yake palikuwa na chumba kidogo cha kuoshea vyombo na kufulia. Bafu lilikuwa karai kubwa la bati lililoning'inizwa ukutani uani na kuletwa mbele ya moto Ijumaa au Jumamosi. Walioga kwa zamu katika maji yaleyale. Choo kilikuwa mwisho wa ua. Nyumba nyingi hazikuwa na choo cha ndani hata kufikia miaka ya 1960.

Makaa yaliyochoma jiko ndiyo yaliyoichafua nyumba kutoka nje. Moshi wa maelfu ya dohani uliugeuza ukuta mwekundu kuwa mweusi, na wanawake wa kaskazini walijibu kwa kusugua kizingiti cha mlango kila wiki, kisha kukipaka ukingo mweupe au wa maziwa kwa jiwe maalumu walilopewa na mnunuzi wa matambara kwa kubadilishana na nguo kuukuu. Kizingiti kichafu kilikuwa habari ya mtaa. Wekundu tunaousifu leo ulirudi polepole baada ya sheria ya hewa safi ya 1956.

Nitatambuaje kama nyumba ni ya enzi hiyo kweli?

Tazama jinsi matofali yalivyolazwa. Ukiona katika mstari mmoja tofali limelala kwa ubavu mrefu, linalofuata linaonyesha kichwa, kisha ubavu tena, huo ni mpangilio wa Kiflemi, na maana yake ukuta ni mzito usio na uwazi katikati. Vichwa ni matofali yanayopita kwenda ndani kuufunga ukuta. Kaskazini utakuta mistari mitatu au mitano ya mbavu na mmoja wa vichwa. Ukiona mbavu tupu, mara nyingi ni ukuta wenye uwazi wa katikati, wa karne ya 20.

Paa la asili ni la mawe membamba ya kijivu au zambarau kutoka kaskazini mwa Wales, machimbo kama Penrhyn na Dinorwic, yaliyoenezwa nchi nzima na reli. Madirisha ni ya mbao, yanapanda na kushuka kwa uzito uliofichwa ndani ya fremu. Yakiwa na vijipembe vidogo chini ya fremu ya juu, ni ya nusu ya pili ya karne ya 19, vioo vilipokuwa vikubwa na vizito. Kwenye ujia, vigae vya nakshi vya Staffordshire au Shropshire. Kando ya mlango, tundu lenye chuma cha kukwangulia tope la viatu.

Nyumba yangu ina unyevu. Ndiyo kawaida yake?

Watu huambiwa hivyo na wauza dawa za kuta. Mara nyingi si kweli.

Ukuta wa nyumba hizi ni tofali moja kwa urefu wake, inchi 9, yaani kama sentimita 23. Mvua huingia kidogo, upepo na jua huitoa. Inayofanya kazi kubwa ya kutoa ni chokaa iliyo kati ya matofali, kwa kuwa ni laini na inapumua kuliko tofali lenyewe. Anakuja fundi wa siku hizi, anakwangua chokaa iliyochoka, anajaza saruji, ukuta unaonekana nadhifu na mwenye nyumba analipa kwa furaha. Saruji haipitishi. Maji sasa yanalazimika kutokea kwenye tofali. Baridi ya Januari inayagandisha, yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Ukiupata ukuta ambao matofali yameliwa na kubaki vishimo huku mistari ya saruji imesimama mizima, umeona kosa hilo.

Wazanzibari wanaujua mkasa huu. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kila zilipopigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi vimefungiwa ndani na lipu imepasuka. Hali ya hewa ni nyingine, ila ukuta unadai kitu kilekile: rudisha chokaa.

Kabla hujalipia dawa yoyote, angalia mfereji wa paa uliovuja, bomba la mvua lililopasuka, udongo wa bustani uliorundikwa juu ya tabaka la kuzuia unyevu (jiwe la paa, lami au matofali ya buluu, karibu na ardhi), na matofali yenye matundu yaliyozibwa. Matundu hayo yapo ili sakafu ya mbao ipate hewa chini yake. Yakizibwa, boriti zinaoza. Ukungu wa pembeni mwa dirisha ni jambo lingine: ni mvuke wa kupika, kuoga na nguo zinazoanikwa ndani, katika nyumba ambayo dohani zimezibwa na madirisha yamebadilishwa yakawa ya plastiki yasiyopitisha chochote.

Naweza kupaka ukuta wa nje rangi?

Usipake. Rangi nyingi hufungia unyevu kama saruji, na kuiondoa ni ghali. Kupiga mchanga ili kusafisha ni kubaya zaidi: tofali limeiva vizuri usoni, na mchanga unakula ngozi hiyo.

Na baridi je?

Anzia juu: dari ndiyo rahisi kuiwekea sufi ya kuzuia joto. Kisha ziba nyufa za milango, sakafu na madirisha, bila kuziba matundu ya hewa. Kuta zinaweza kuvikwa kwa ndani, ikibidi kwa vitu vinavyopitisha mvuke kama mbao za nyuzi na lipu ya chokaa, lakini vyumba vilivyo vyembamba tayari vitapungua. Kuvika kwa nje kunafaa zaidi kwa joto na kunaua sura ya mtaa. Wengi huvika nyuma tu na kuuacha uso.

Ukipanda darini, angalia kama ukuta wa pamoja umefika hadi paa. Katika safu nyingi za bei nafuu uliishia kwenye dari, na unaweza kuwaona majirani wawili watatu kwa tochi. Moto nao utawaona vilevile.

Jirani anataka kutoboa ukuta wa pamoja. Anaruhusiwa?

Kwa England na Wales kuna sheria ya 1996 inayohusu kuta za pamoja: lazima akupe taarifa ya maandishi kabla ya kazi, na usipokubali, mpimaji anaamua. Usisaini kwa ajili ya ujirani mwema kabla ya kusoma.

Kama ni urithi, mbona nyingi zilibomolewa?

Kwa sababu kwa muda mrefu hazikuitwa urithi. Ziliitwa mabanda. Sheria ya 1930 ilianza ubomoaji mkubwa, vita vikausimamisha, na kati ya miaka ya 1950 na 1970 zaidi ya nyumba milioni moja ziliondolewa nchini humo. Tuwe wa haki: nyingi ya zile za mwanzo zilikuwa mbovu kweli, na watu waliopata bafu na choo cha ndani kwa mara ya kwanza hawakulilia ua wa zamani. Tatizo ni kwamba tingatinga halikujua kuchagua. Mitaa imara ilikwenda pamoja na mibovu, na majirani wa miaka arobaini walitawanywa kwenye maghorofa ambayo baadhi yake yamebomolewa kabla ya nyumba zilizobaki.

Mabadiliko yalianza 1969, sheria ilipoanza kutoa ruzuku kwa ukarabati wa maeneo mazima. Huko Macclesfield, msanifu kijana aitwaye Rod Hackney alikuwa akiishi Black Road, katika safu iliyopangiwa kubomolewa. Yeye na majirani walipigania na kuzikarabati wenyewe kwa ruzuku hizo, na hesabu ikaonyesha kwamba ni nafuu kuliko kujenga upya. Baadaye Hackney alikuwa rais wa taasisi ya kifalme ya wasanifu wa Uingereza.

Ungedhani somo liliingia. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mpango mwingine wa kufufua soko la nyumba kaskazini na katikati ya England, na maelfu ya nyumba za safu zikafungwa kwa mabati zikisubiri tingatinga, hadi mpango ulipokatishwa 2011. Liverpool iliumia sana. Mitaa yake ya Kiwelshi, iliyojengwa na mafundi kutoka Wales na kupewa majina ya huko, ilikaa tupu kwa miaka. Nyumba moja ya Madryn Street ndipo alipozaliwa Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles. Mwaka 2015 serikali kuu ilikataa mpango wa kuibomoa, na nyumba nyingi zimekarabatiwa na kupangishwa, baadhi kwa kuunganisha mbili kuwa moja.

Hatua chache kutoka hapo ni Granby, eneo la watu weusi wa Liverpool kwa vizazi. Mitaa minne ilibaki, na wakazi, wanawake wakiwa mbele, hawakungoja ruhusa: walifagia, walipaka rangi mabati ya nyumba tupu, walipanda maua barabarani, wakaanzisha soko. Kisha wakaunda amana ya ardhi ya jumuiya (chombo cha wakazi kumiliki ardhi kwa pamoja) na kushirikiana na Assemble, kundi la wasanifu majengo, kuzikarabati nyumba za Cairns Street. Mwaka 2015 kazi hiyo ilishinda Tuzo ya Turner, ambayo kwa kawaida hupewa wasanii.

Sheria inazilinda sasa?

Baadhi. Sheria ya 1947 ndiyo iliyoweka msingi wa orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, lakini nyumba za safu za kawaida ni chache mno humo; ziko nyingi mno na zinajulikana mno. Chama cha kutetea majengo ya enzi hiyo, Victorian Society, kiliundwa 1958, wakati wasomi wengi walikuwa bado wanayacheka. Kinga inayofaa zaidi ni ya 1967, inayoruhusu halmashauri kutangaza eneo zima kuwa la hifadhi. Hiyo inaelewa kwamba thamani iko kwenye safu: nyumba moja yenye mlango wa plastiki si msiba, ila ishirini zikifuata, mtaa umekwisha. Ndani ya eneo la hifadhi halmashauri inaweza kuondoa hata ruhusa ya kubadilisha madirisha, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza.

Plaki ya buluu ukutani, ya kumkumbuka mtu mashuhuri aliyeishi hapo, haizuii lolote kisheria. Feltham, magharibi mwa London, ipo nyumba ya kawaida kabisa ya Gladstone Avenue iliyowekewa plaki 2016 kwa ajili ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Zanzibar. Ni heshima, si kinga.

Watu wa Afrika Mashariki wanahusika vipi?

Nenda Leicester. Wahindi wa Kenya walifika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960, na Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Kama 28,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wengi ndipo walipoijua Leicester.

Walichokipata ni nyumba za safu za Belgrave na Highfields, zilizojengwa kwa ajili ya mafundi wa soksi na viatu, ambazo Waingereza waliokuwa na uwezo walikuwa wanazikimbia kwenda viungani. Zilikuwa rahisi, na zilifaa familia kubwa: bibi chumba cha mbele, ndugu nyumba ya pili, duka kwenye kona. Walizinunua wakati ambao thamani yake machoni pa wengi ilikuwa kifusi. Leo Belgrave Road ni mtaa wa vito, sari na vitafunio, na kwenye nyumba za nyuma yake bado utawasikia wazee wakichanganya Kigujarati na Kiswahili cha Kampala au Kisumu. Sijaona kibao kinachowataja katika maelezo ya urithi wa mitaa hiyo kwa kiasi wanachostahili, ilhali wao ndio waliolipia mapaa yake kwa nusu karne.

Je, Uingereza nzima ni hivi?

La. Scotland ilipendelea majengo ya ghorofa za mawe. Mabonde ya kusini mwa Wales yana safu nyingi, ila za mawe, matofali yakizunguka milango na madirisha. Belfast ndiyo pacha wa kweli: mitaa myekundu ya Falls na Shankill ilijengwa kuzunguka viwanda vya kitani.

Nina siku moja tu. Niende wapi?

Birmingham, kwenye Court 15, kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache unapoingia ndani badala ya kutazama kutoka nje. Wageni huingia na mwongozaji tu, kwa hiyo weka nafasi mapema. Ukiwa London, shuka Wood Green utembee Noel Park kwa miguu, barabara hadi barabara, ukilinganisha nyumba za daraja moja na jingine. Ni makazi ya watu, basi piga picha za ukuta, si za madirisha.